Je, "sukari" ni mtoto wa "sugar"? Jibu kwa mwalimu wa Kiswahili

Swali: "Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha pili mkoani Tanga. Katika mada ya ukopaji wa maneno niliwaambia wanafunzi kwamba neno sukari tumelipata kwa Waingereza, kutoka katika neno lao sugar, kwa kuwa maneno hayo yanafanana kwa sauti na yana maana moja. Mwanafunzi mmoja akabisha, akasema ustadhi wake wa madrasa amewaeleza kuwa ni neno la Kiarabu. Mwingine, ambaye kwao huzungumza Kigujarati, akasema bibi yake huita sukari ya mabonge sakar, na kwamba neno hilo asili yake ni India. Mwalimu mwenzangu wa Kiingereza anashikilia kwamba sugar ni neno la Waingereza wenyewe. Nani kati yetu yuko sahihi, neno sugar lilitoka wapi, na niwaambie nini wanafunzi ambao nimekwisha kuwasahihishia mtihani?"

Mwalimu, wanafunzi wako wawili wamesema kweli, kila mmoja kwa upande wake, na ninyi walimu wawili ndio mliopotoka. Usifadhaike, kwa sababu kosa lenu limeenea mno, hata miongoni mwa watu waliosoma. Sukari haikuzaliwa na sugar, wala sugar haikuzaliwa na sukari. Hayo ni maneno ndugu, na baba yao ni neno la Kiarabu sukkar. Babu yao ni neno la Kiajemi shakar, na juu zaidi yupo sharkara wa Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Tofauti ni kwamba Kiswahili kilimpokea baba huyo moja kwa moja pwani hapa, ilhali Kiingereza kilimpata kwa kuzunguka, kupitia bahari ya Mediterania na Ufaransa.

Kabla ya kueleza safari hiyo, niondoe dhana moja inayowasumbua walimu wengi wanapofundisha mada hii. Maneno mawili yakifanana kwa sauti na kwa maana, kufanana huko kunatupa sababu ya kuchunguza, lakini hakutuambii nani alimkopesha nani, wala kama hawakukopa wote wawili kwa mtu wa tatu. Tena kuna kufanana kwa bahati tupu. Kiarabu kina mzizi wenye konsonanti s, k na r unaohusu kulewa, nao ndio uliotupa sakarati, lile neno tunalolitumia kwa mahangaiko ya kukata roho. Wapo wanaouona mzizi huo ndani ya sukkar na kudhani kwamba utamu na ulevi vina asili moja, ilhali sukkar ni neno geni katika Kiarabu na halina uhusiano na mzizi huo hata kidogo.

Sasa tuanze India. Mmea wenyewe wa mua unaaminika kulimwa kwanza katika kisiwa cha New Guinea, lakini ufundi wa kuchemsha maji ya miwa mpaka yagande na kuwa chembechembe ulistawi India, katika karne za mwanzo za enzi yetu. Waliotazama kitu hicho kipya, kigumu na chenye kukwaruza mkononi, walikiita kwa neno walilokuwa nalo tayari: sharkara, ambalo maana yake ya awali ni changarawe au mchanga wenye punje kubwa. Katika lugha za watu wa kawaida za India ya kale, mojawapo ikiwa Kipali, neno hilo lilitamkwa sakkhara, huku sauti ya sh ikigeuka s na ile r ya katikati ikimezwa na k. Matamshi hayo mawili yaweke akilini, maana kila moja lilishika njia yake.

Matamshi ya Kipali na ndugu zake ndiyo yaliyowafikia Wayunani. Nearchus, amiri wa majeshi ya majini ya mfalme Alexander Mkuu, aliyefika India katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alisimulia habari za matete yanayotoa asali bila nyuki. Karne nne baadaye tabibu Dioscorides aliandika juu ya kitu kiitwacho sakcharon, asali iliyogandamana ndani ya matete ya India na Arabia, ambayo huvunjika baina ya meno kama chumvi. Katika karne hiyo hiyo ya 1 kuna maandishi ambayo sisi wa pwani tunapaswa kuyajua zaidi ya watu wengine, yaani Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa mfanyabiashara wa Kiyunani aliyeandika juu ya bandari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Mwongozo huo unaotaja Azania na mji wa Rhapta katika pwani yetu unaeleza pia kwamba majahazi ya India yalipeleka katika bandari za Pembe ya Afrika ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba na "asali ya matete iitwayo sakchari". Kwa hiyo bidhaa hii, pamoja na jina lake, ilikuwa ikitembea katika Bahari ya Hindi zaidi ya miaka elfu moja kabla neno sugar halijatamkwa Uingereza.

Hata hivyo, njia hiyo ya Kiyunani siyo iliyozaa sugar wala sukari. Iliingia Kilatini kama saccharum, ikaenda Urusi ambako mpaka leo wanasema sakhar, kisha ikalala katika vitabu vya waganga na wataalamu wa mimea. Mwaka 1879 ilizinduliwa na wanakemia. Constantin Fahlberg, akifanya kazi katika maabara ya Ira Remsen kwenye Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, aligundua kemikali tamu kupita sukari mara nyingi, nayo ikapewa jina la saccharin, ambalo sisi tunalitamka sakarini. Tazama basi: mtu mwenye kisukari anayeacha sukari na kutia sakarini katika chai yake ameacha tawi moja la neno na kushika tawi jingine la neno hilo hilo.

Njia iliyo muhimu kwa swali lako ni ya Uajemi. Waajemi walilichukua neno likiwa bado na sh yake, wakasema shakar, na Waturuki nao wakalipokea kama şeker. Kwa Waarabu likawa sukkar, lenye irabu u katika silabi ya kwanza na k iliyokazwa. Baada ya Uislamu kuenea, kilimo cha miwa na ufundi wa kupika sukari vilifuata dola za Waislamu kuelekea magharibi: Misri, Afrika ya Kaskazini, Sicily, na Hispania ya kusini. Hapo ndipo Ulaya ilipolipata neno, na ilipata kwa milango miwili ambayo mtu anaweza kuitambua mpaka leo bila kuwa mtaalamu. Wahispania na Wareno, walioishi karne nyingi pamoja na wasemaji wa Kiarabu, walilichukua likiwa limeshikana na kiambishi al-, ambacho mbele ya s hutamkwa as-. Kwa hiyo as-sukkar ikawa azúcar kwa Kihispania na açúcar kwa Kireno. Waitaliano, waliolipata kwa biashara ya Sicily na ya bandari za mashariki, walilichukua bila kiambishi hicho, wakasema zucchero. Mtindo huo unajirudia katika neno la pamba, ambalo kwa Kihispania ni algodón na kwa Kiitaliano ni cotone, yote mawili yakitoka katika qutn ya Kiarabu.

Kutoka Italia na kutoka katika Kilatini cha zama hizo neno lilihamia Ufaransa likawa sucre, na kutoka Ufaransa likavuka kwenda Uingereza. Mwalimu mwenzako akumbuke kwamba baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ya ikulu, ya mahakama na ya meza za wakubwa ilikuwa Kifaransa kwa muda mrefu, na sukari ilikuwa kitu cha meza hizo hasa. Mwaka 1226 mfalme Henry III alimwagiza meya wa Winchester amtafutie ratili tatu za sukari ya Alexandria, kama kiasi kikubwa hivyo chaweza kupatikana kwa mkupuo mmoja kwa wafanyabiashara wa gulio la mji ule. Ikiwa mfalme hakuwa na hakika ya kupata ratili tatu, basi mkulima wa kawaida hakuwa na sababu ya kuwa na neno lake la kuitaja bidhaa hiyo. Utamu aliokuwa nao ni asali, na neno lake la asali, honey, ni la Kiingereza cha kale kweli.

Katika maandishi ya Kiingereza cha zamani neno linaonekana kwa sura za sucre, sugre na suger. Mambo mawili yaliyolikumba huko ndiyo yanayotusaidia kuthibitisha kwamba sukari yetu haikutoka kwao. La kwanza ni ile k ya Kifaransa kugeuka g, yaani sauti sighuna (isiyotetemesha nyuzi za sauti) kuwa ghuna (inayozitetemesha), kama ilivyotokea pia kwa flacon ya Kifaransa, yaani chupa, ambayo kwa Waingereza ikawa flagon. La pili lilikuja baadaye sana, hasa katika karne ya 17. Irabu ya Kifaransa ndani ya sucre ilikuwa imetamkwa na Waingereza kama yu, kwa hiyo neno likaanza na syu. Ulimi unaotamka s na y pamoja kwa haraka hupanda kwenye kaakaa, na kinachosikika ni sh. Baadaye ile y ikatoweka, ikabaki sh peke yake, huku tahajia ikiendelea kuonyesha s tu. Neno sure lilipita mkondo huo huo. Ndiyo maana mwanafunzi anayejifunza Kiingereza hushangaa kuona s ikitamkwa sh katika maneno haya, na mwalimu wake mara nyingi humwambia tu akariri.

Sasa rudi kwa Kiswahili na ulinganishe. Neno letu lina s, si sh. Lina k, si g. Na lina r inayosikika, wakati Mwingereza wa Uingereza ya kusini haitamki r ya mwisho. Sisi tukikopa maneno ya Kiingereza yenye mwisho wa namna hiyo, kwa kawaida tunayamalizia kwa a: mita, lita, dereva, meneja, kompyuta. Maneno ya Kiarabu yanayoishia na -ar ndiyo tunayoyapa i: safar ikawa safari, khabar ikawa habari, bandar ikawa bandari, daftar ikawa daftari. Kiswahili hakikazi konsonanti kama Kiarabu, wala hakipendi neno liishe bila irabu, kwa hiyo sukkar ikiingia kwetu haiwezi kuwa kitu kingine ila sukari. Najua msomaji makini atanitajia daktari, na ni haki yake. Kighairi hicho kipo, nacho kinatufundisha tusitegemee alama moja peke yake. Lakini hapa alama ni tatu na zote zinaelekea upande mmoja.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko mitaani. Sugar ya Kiingereza ilikuja kweli katika Kiswahili, ila ilikuja juzijuzi, na ilikuja na sauti zake za Kiingereza: shuga, katika shuga dadi na shuga mami. Hivyo ndivyo neno hilo linavyosikika linapokopwa kutoka kwa Waingereza. Majirani zetu wa kusini wanathibitisha jambo hilo, kwa kuwa Wachewa na Washona wanasema shuga, na Wazulu wanasema ushukela, wote wakiwa na sh. Upande wa bara, ambako neno lilipelekwa na misafara ya Waswahili na biashara yao, Waganda wana ssukaali na Wanyarwanda na Warundi wana isukari. Na Wahausa wa Afrika ya Magharibi, ambao hawakukutana na Waswahili bali walikutana na Waarabu kupitia Sahara, wanasema sukari, neno lile lile.

Tarehe nazo zinakataa. Kamusi ya Kiswahili ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, ilichapishwa London mwaka 1882 ikiwa na neno sukari. Wakati huo Waingereza walikuwa bado hawajaitangaza Zanzibar kuwa himaya yao, jambo walilolifanya mwaka 1890. Huko kwenu Tanga walitanguliwa na Wajerumani, ambao kwao sukari ni Zucker. Na Pangani, jirani zenu, kulikuwa na mashamba ya miwa na mitambo ya kukamua katika karne ya 19, kabla Mjerumani hajapandisha bendera. Hakuna jamii inayopika na kuuza bidhaa kwa miaka yote hiyo huku ikimngoja mtawala wa baadaye aje kuitajia jina. Wareno, waliokuwa pwani karne nyingi kabla ya hapo na kutuachia meza, leso na gereza, nao hawahusiki: neno lao lingetuachia a mwanzoni.

Vipi kuhusu bibi yule Mgujarati? Anasema kweli, maana sakar ya Kigujarati ni mzao wa sharkara, na majahazi kutoka Gujarat yalileta bidhaa pwani kwa karne nyingi, kwa hiyo dhana kwamba tuliokota neno moja kwa moja kwa Wahindi si ya kupuuzwa. Kinachoizuia ni irabu. Sakar ingetupa sakari, ilhali sisi tuna u ya Kiarabu. Lakini ukitazama sukari guru, ile nyeusi isiyosafishwa ambayo wengine huiita sukari nguru, utakuta neno la pili limetoka kweli kwa Wahindi, kwa sababu gur ndilo jina la sukari ya namna hiyo katika lugha za India ya kaskazini. Maneno mawili ya Kihindi yamekutana hapo kwa njia mbili tofauti, moja limepitia kwa Waarabu na jingine limekuja lenyewe. Mmea, kwa upande wake, tunauita mua, neno la Kibantu, kwa sababu watu walitafuna miwa muda mrefu bila kuhitaji kuuziwa chembechembe zake.

Nikupe kichekesho kimoja cha kuwaamsha wanafunzi mchana. Wahindi, ambao lugha zao ndizo zilizoipa dunia jina la sukari, wana neno shakkar mpaka leo, lakini sukari nyeupe ya madukani wanaiita chini, yaani ya China, na ile ya mabonge wanaiita misri, yaani ya nchi ya Misri. Kiingereza nacho kimekopa neno lile lile mara tatu bila kujitambua: sugar kupitia Ufaransa, saccharin kupitia Uyunani, na jaggery, jina lao la sukari guru, ambalo Wareno walilichukua kusini mwa India kutoka katika mzao mwingine wa sharkara. Hata candy yao inatoka India, katika neno khanda lenye maana ya kipande, lililopitia Uajemi na Uarabuni kabla ya kufika Ufaransa.

Tuje kwenye mtihani. Swali la ukopaji likiuliza "neno hili limekopwa kutoka lugha gani", linamtaka mwanafunzi ataje lugha iliyotukabidhi neno, si lugha ya kwanza kabisa kulitamka. Hivyo ndivyo kamusi zetu zinavyofanya zinapoandika Kar kwa Kiarabu au Kng kwa Kiingereza mbele ya neno. Kwa kipimo hicho jibu la sukari ni Kiarabu. Ukitaka kuuliza asili ya mbali, andika hivyo waziwazi, na hapo Kisanskriti kitakuwa sahihi. Ningekushauri usiwafundishe wanafunzi wa kidato cha pili mlolongo mzima kama kitu cha kukariri; wape vipimo vitatu, yaani sauti, tarehe na majirani, kisha waache wavijaribu wenyewe kwa maneno kama daftari au kompyuta. Lakini ukiri kwao kwamba vipimo hivi havikati shauri kila mara. Serikali, kwa mfano, ina asili ya sarkar, neno lililo na sura moja katika Kiajemi na katika Kihindi, na hapo sauti pekee haziwezi kukuambia ni mlango upi lilipitia.

Maneno ya namna hiyo, au neno ambalo kamusi mbili zinatofautiana juu yake, usiyamalize peke yako kwa kutafuta kwenye simu, kwa kuwa mitandaoni kuna asili nyingi za maneno zilizobuniwa kwa sababu zinapendeza masikioni. Nenda au uandike kwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) ukiwa Zanzibar, ukiwa na mfano wa sentensi na mwaka wa maandishi ya zamani zaidi uliyoyaona. Kwa jambo dogo la matamshi ya Kiarabu, yule ustadhi wa madrasa anaweza kukusaidia vizuri zaidi yangu, ilimradi umuulize neno linavyotamkwa na kuandikwa, na usimuulize historia yake.

Na kwa karatasi ulizokwisha kusahihisha: aliyeandika Kiarabu apewe alama yake kamili. Yule wa Kigujarati, kama swali lilisema "asili" bila kufafanua, naye apewe. Walioandika Kiingereza walifuata ulichowafundisha, kwa hiyo ningelifuta swali hilo kwao badala ya kuwakata, kisha ningewapa jingine kipindi kijacho.